Pweza Mwenye Pembe

Pweza wa kwanza kuzaliwa nyumbani kwetu alikuwa na pembe mbili. Nilimtengeneza mwenyewe kwa soksi yangu ya kushoto, iliyokuwa na tundu la kidole gumba ambalo mbuzi mdogo angepita bila kuinama. Niliijaza pamba aliyonipa mama kutoka shambani kwake kijijini Didia, nikaikaza shingoni kwa uzi wa kiroba, nikaishonea miguu ya vitambaa vya kanga iliyochakaa, nikaibandika macho mawili ya maharage. Kisha nikampa binti yangu, ambaye alikuwa na miaka minne. Akampindua kama mnunuzi wa mnadani anavyompindua ndama. Akamchungulia mbele, akamchungulia nyuma.

"Baba, pembe zake ziko wapi?"

"Pweza hana pembe."

"Zilikatwa?"

"Hakuzaliwa nazo."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ndugu yake aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua bua la mtama, nikachonga vipande viwili, nikamchomekea kichwani. Hapo ndipo pweza akakubaliwa nyumbani, akapewa na majani.

Mimi kazi yangu ni kusaga. Nina mashine ya nafaka kwenye senta moja ya wachimbaji, upande wa Geita, mahali ambapo kila mwanamume anashuka shimoni kutafuta dhahabu na mimi nabaki juu natafuta unga. Mashine yenyewe inanguruma kiasi kwamba watu wa Rwanda wanajua saa yangu ya kufungua. Ukubwani nilijiandikisha masomo ya usiku. Nilikuwa nafunga mashine, najipangusa unga usoni, nakwenda kukaa dawati moja na vijana walioniita babu na mimi sijafika hata arobaini. Nikamaliza kidato cha nne. Katika biolojia nilipata C, na C ile niliitembeza senta nzima kama bwana harusi.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Alikuja huku na shangazi yake kuuza kanga na vitenge kwa wake za wachimbaji. Siku moja akaleta mahindi debe moja kwangu. Tangu niwashe mashine ile sijawahi kusaga debe polepole namna ile; nadhani lilimaliza masika mawili.

Mama yake yuko kule kule Tanga, ana kiduka chake, na kila Ijumaa hupiga simu kuzungumza na mjukuu wake wa kwanza, ambaye pia ndiye wa pekee. Ijumaa moja akamuuliza, "Mwanangu, bahari unaijua?"

Mtoto akajibu bila wasiwasi, "Ndiyo bibi. Ni lambo."

Lambo, kwetu, ni bwawa linalochimbwa ili ng'ombe wapate maji kiangazi. Akaona kama bibi hajaelewa, akamsaidia: "Ni lambo kubwa la ng'ombe wengi."

Sauti ya bibi ikasema, "Mpe mama'ko."

Alichomwambia mama yake ni kwamba anakuja kumchukua. Mtoto akakae naye Tanga, asome chekechea ya huko, aende chuoni akasome Kurani, aijue bahari, akue na watu wanaojua kukuna nazi. Alikuwa amekwisha kukata tiketi mbili za kurudi, yake na ya mjukuu.

Wala hakuwa na ubaya. Kwao kama ilivyo kwetu, bibi kumlea mjukuu wa kwanza ni jambo la kawaida kabisa. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi yangu mpaka ndevu zikaota. Mke wangu alikaa kwenye kigoda, simu bado mkononi.

"Mama akimtaka mjukuu wake, mimi nitasemaje?" aliniuliza. "Na mle ndani anaishi peke yake."

"Na sisi?"

"Basi sema wewe. Wewe ndiye baba."

Mwiba ulikuwa hapo hapo. Kwa jinsi nilivyolelewa, mkwilima, yaani mume wa binti, haongei na mama mkwe uso kwa uso. Hamtazami machoni, hali naye, halali naye chini ya paa moja. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mwanamume ndiye anaingia porini. Vijana wa siku hizi wanakaa na wakwe zao kochi moja na kupiga nao picha, na sina ugomvi nao. Mimi mguu wangu hukimbia kabla sijaushauri. Hata kwenye harusi yetu, iliyofanyika kwao, nilikaa siku nzima nikitazama mkeka. Viatu vyake ningevitambua popote, uso wake hapana.

Nikafikiri, nikaona kama kosa ni bahari, basi bahari iletwe. Mama mkwe akifika akute mtoto anaijua kuliko nahodha, aone hakuna haja ya kumhamisha.

Kwa hiyo nikaanza kupekua nyumba. Kiroba cha unga nilikichana nikakitandaza uani, nikakipaka buluu ya kufulia iliyokorogwa na maji. Hayo ndiyo yakawa maji ya bahari. Gundi nilipika kwa unga wa ngano, na unga ni kitu ambacho kwangu hakijawahi kukosekana hata kwenye masikio. Dumu la lita ishirini lililotoboka nililipaka mkaa likawa nyangumi, na mdomo wa dumu ukawa tundu la kupulizia maji. Boksi la kiberiti, miguu ya njiti, mifuniko miwili ya soda kwa magando: kaa. Samaki tuliwakata kwenye katoni, na mtoto akawabandika magamba ya mbegu za maboga, moja juu ya nyingine, ulimi umetoka pembeni kwa umakini. Papa nilimchonga kwenye gunzi la hindi. Mtoto akamfunga kengele shingoni, kifuniko cha chupa chenye kokoto ndani.

Jioni ilipofika akakusanya vijiti akajenga zizi katikati ya bahari. Akawaswaga wote ndani kwa mluzi, nyangumi mbele kwa kuwa ndiye fahali, akaweka mwiba mlangoni fisi asiingie.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Alitazama pweza anasukumwa zizini, akafunika uso kwa ungo.

"Mama yangu akiona haya," alisema, "atamchukua mtoto, na wewe atakuchukua."

Mama mkwe alifika na mimi nikampokea kwa heshima zote: nilijificha. Yeye alipewa nyumba, mimi nikahamia banda la mashine. Kati ya banda na ua pana ukuta wa mabati, na kwenye ukuta pana uwazi wenye pazia la gunia. Asubuhi ya kwanza alipotoka kunawa, mimi nilikuwa uani nafunga kiatu. Niliruka uzio wa mabua na kiatu kimoja, nikaangukia kwa jirani, katikati ya watu waliokuwa wanakunywa uji. Niliwasalimia, wakanikaribisha, nikanywa.

Kutoka huko nilimsikia anamuuliza bintiye, "Mumeo ana nini na mimi?"

"Anakuheshimu, mama."

"Ile ni heshima au ana kesi?"

Mke wangu akamweleza mila yetu yote, taratibu. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimevuka nchi nzima kuja kuheshimiwa na mgongo," akasema.

Na mtoto naye, ambaye kwa mama yangu amejifunza kusalimia kwa Kisukuma, akamwendea bibi yake akainama vizuri, "Mwangaluka." Bibi akamwambia, "Sema shikamoo, mwanangu." Nikasikia moyo wangu unashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Siku hiyo hiyo mchana pazia la gunia likafunuka, mtoto akaingia bandani na pweza kwapani.

"Bibi anasema pweza hana pembe."

"Mwambie bibi najua. Mwambie mteja ndiye aliyezitaka."

Akaenda. Akarudi. "Bibi anasema wewe ni mtu mzima."

Baadaye kidogo: "Bibi anasema bahari haina maandishi ya sembe."

"Mwambie bibi upande wa pili umechanika."

"Bibi anasema papa hafungwi kengele. Nimemwambia asipofungwa atapotea."

"Akasemaje?"

"Amenyamaza."

Kesho yake nilipozima mashine nikasikia upande wa pili wa mabati kitu kinakwanguliwa. Kwangu, kwangu, kwangu, muda mrefu. Pazia likafunuka na mtoto akaingia amebeba kitu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai la mbuni. Alikuwa kasa. Gamba lake ni kifuu cha nazi, nazi aliyotuletea mama mkwe mwenyewe, kimekwanguliwa mpaka kinang'aa. Mapezi yamekatwa kwenye kandambili, mawili marefu ya mbele na mawili mafupi ya nyuma, kichwa ni kokwa ya embe yenye macho ya wino.

"Bibi anasema kasa yuko hivi."

Nilimtazama kasa yule, nikamgeuza juu chini. Halafu nikazitazama kandambili vizuri. Zilikuwa zangu.

Nikaona siwezi kushindwa kwenye ua wangu. Nikamrudisha pweza na ujumbe kwamba, pembe tuziache, mengine yote yako sawasawa kitaalamu. Majibu hayakuchelewa.

"Bibi anasema miguu imezidi. Na anasema si miguu, inaitwa minyiri."

"Mwambie bibi ahsante kwa jina. Lakini ni minane. Nimeisoma."

"Bibi anasema amempika pweza tangu wewe hujazaliwa."

"Mwambie bibi, sufuriani huwa inatoka mingapi?"

Mtoto akaenda. Nikaanza kujuta, maana swali lile kwa mama mkwe lilikuwa limevuka mpaka. Ghafla nikasikia nyuma ya mabati mtu anacheka. Anaanza kwa kujizuia, halafu anaachia, mpaka mabati yenyewe yakatikisika. Mtoto akarudi amechangamka.

"Bibi anasema huwa ananunua vipande."

Na mimi nikacheka mpaka unga ukadondoka kwenye nyusi. Kumbe pale palikuwa na mmoja aliyemjua pweza kwenye mchuzi na mwingine aliyemjua ubaoni, na hakuna aliyewahi kumwona mzima. Nikatuma ujumbe huo. Ukarudi: "Bibi anasema yule wa kwenye mchuzi ana ladha."

Tangu hapo kila mchana nikimaliza wateja tulikuwa tunafanya kazi pamoja, yeye kule, mimi huku, mtoto katikati akipiga mbio kama karani wa mahakama. Mama mkwe akaomba kipande cha chandarua kikuukuu. Akakikunjakunja juu ya mfuniko wa sufuria la mtoto, akaning'iniza nyuzi zilizofumuliwa kwenye kanga, akatoka yavuyavu, yule mnyama wa baharini asiye na mifupa, mzuri mpaka nikaogopa kumgusa. Mimi nikajibu kwa samaki mwenye miiba, kiazi kitamu kilichochomekwa njiti za fagio. Yeye akaleta kiti cha pweza, yule mnyama mwenye ncha tano kama nyota, aliyefinyangwa kwa unga uliokandwa na chumvi na kupakwa manjano. Watoto wa majirani wakaanza kuja na soksi za baba zao. Mchimbaji mmoja akatoka moja kwa moja shimoni, taa bado kichwani, akasimama kando ya bahari yetu muda mrefu.

"Mzee, humu kina ni kirefu?" aliniuliza.

"Usiingie bila kamba," nilimwambia.

Akatikisa kichwa akaondoka polepole, na mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyekuwa anamtania mwenzake.

Lakini tiketi zilikuwa pale pale, zimechomekwa pembeni mwa kioo, zote mbili, na safari ilikuwa Jumapili. Ijumaa nilichungulia kwenye pazia nikaona nguo za mtoto kwenye kamba. Mtu anayekwenda kutembea hufuliwa magauni mawili. Zilikuwa zimefuliwa zote, hata sweta. Mke wangu alikuwa anazianua, anazikunja ndogo ndogo kuliko inavyohitajika.

Mtoto alikuwa amechuchumaa kando ya zizi.

"Mama, nikienda kwa bibi, hawa nani atawafungia jioni?"

Mke wangu aliendelea kukunja. Mama mkwe, nilivyoona viatu vyake barazani, hakusogea.

Jumamosi asubuhi wanawake wote watatu walikwenda gengeni. Mimi nikawasha mashine. Katika mngurumo ule hata simba angelia usingemsikia, kwa hiyo sikusikia kuku. Ukitengeneza bahari kwa gundi ya ngano, macho ya maharage na magamba ya mbegu za maboga, unatakiwa kukumbuka kwamba unafuga kuku. Sisi hatukukumbuka. Jogoo wetu aliingia kwanza, akaita wake zake, nao wakaita ukoo mzima.

Nilizima mashine nikasikia mtoto analia. Kilikuwa kile kilio cha ndani kabisa, kisicho na pumzi. Nikachukua fagio nikatoka mbio. Mama mkwe naye alikuwa ndiyo kwanza anarudi, akatupa kikapu, akanyakua mwiko barazani akatoka mbio. Kuku wakarukia huku na huku. Nikamkosa jogoo, nikaokota pweza kabla hajamaliziwa, nikageuka, na mama mkwe akawa mbele yangu, hatua moja, mwiko juu.

Nyuma yangu ukuta, kushoto nyangumi, kulia kuku. Pa kukimbilia hapakuwepo. Nikainama, nikavuta kiroba cha buluu kilichokuwa chini, nikajifunika kichwa.

Mwiko haukushuka.

"Shikamoo mama," nikasema humo ndani.

"Marahaba."

Mtoto akaacha kulia ghafla. "Baba," akasema, "umevaa bahari."

Mama mkwe akamgeukia bintiye, aliyekuwa amesimama mlangoni na mchicha mkononi. "Hili jambo lao linaondolewa na nini?"

"Mbuzi, mama. Mkwilima akimpa mkwe mbuzi, wanaweza kuonana."

"Mbuzi yuko wapi?"

"Hatuna mbuzi. Tuna kuku, na ndio hao."

Mimi mkononi nilikuwa na pweza. Jicho moja lilikuwa limekwisha kuliwa, minyiri miwili imefumuka, lakini pembe zilikuwa zimesimama vile vile. Nikanyoosha mkono kutoka chini ya kiroba, pweza mbele.

Alimpokea. Nilisikia anampindua, mbele na nyuma, kama mnunuzi wa mnadani.

"Ndevu hana," alisema.

"Ana pembe, bibi," mtoto akasema.

"Kweli, pembe anazo." Nikasikia mwiko unawekwa chini. "Haya, mbuzi nimempokea. Vua bahari."

Nikaivua. Mbele yangu alisimama mwanamke mdogo, mfupi kuliko mke wangu, wakati mimi miaka yote nilikuwa nimemweka akilini mrefu kama nguzo ya umeme. Uso ulikuwa wa mke wangu ule ule, ila huu ulikuwa umekwisha kuona mengi na bado unajizuia kucheka. Buluu ilikuwa inanichuruzika mashavuni.

"Sema sasa, mwanangu," alisema. "Nimekaa hapa wiki nzima nangoja unachotaka kusema, nasikia mashine tu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho, kama tulivyofundishwa usiku. Ikapotea yote.

"Mama, usimchukue."

Alinitazama, akamtazama bintiye, ambaye mchicha ulikuwa umemwanguka wote miguuni. Mtoto alikuwa amepiga magoti anaokota mbegu za maboga zilizobaki, anaziweka kwenye kiganja moja moja.

"Mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Lo," alisema. Akaketi chini pale pale, kwenye vumbi, na gauni lake la kutokea. "Nilidhani nakuja kwa mtoto ambaye baba yake hana habari naye. Kumbe yuko nyuma ya mabati anamshonea pweza." Akamsogelea mjukuu wake, akaanza kuokota naye mbegu. "Lete gundi. Na safari hii utie mwarobaini, kuku wasionje."

Tulikaa wote wanne uani mpaka jua likawa juu. Hakuna aliyetaja safari. Tulipomaliza samaki wa mwisho ndipo mke wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na ile tiketi ya pili?"

"Nimepewa mbuzi," alisema mama mkwe bila kuinua kichwa. "Mtamsafirisha kwenye buti? Kiti anacho. Huyu mtoto mtamleta chekechea ya kwenu ikifungwa, mje watatu. Nataka huyu baba yake amwone pweza mzima, tuhesabu wote."

Jumapili tulimsindikiza stendi. Pweza aliketi dirishani, pembe zimegusa kioo, na kondakta alipouliza, mama mkwe alimwonyesha tiketi. Basi lilipoondoka nilipunga mkono huku namtazama usoni, na shingo yangu ilikuwa haijazoea, ikauma mpaka Jumanne.

Ijumaa akapiga. Sasa ruhusa anayo, angeweza kuzungumza na mimi moja kwa moja, lakini akamtaka mjumbe wake yule yule.

"Mwambie baba'ko nimemning'iniza mbuzi wangu dukani. Wateja wanauliza anatoa maziwa kiasi gani."

Mtoto hakuniuliza mimi. Aliishika simu kwa mikono miwili, akamjibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni:

"Bibi, huyo ni dume."